Kibali cha Paskalina

Ninyi makarani wapya mnanipigia simu kama vile sikustaafu. Juzi asubuhi nipo zizini nakamua, simu ikaita mfukoni, ng'ombe akashtuka, akapiga teke ndoo, maziwa yote chini. Napokea, nasikia sauti ya kijana: "Shikamoo Mama Yustina. Samahani mama, mume yuko Hanang, mke yuko Mbulu, wanaachana na wanagombania mtoto. Shauri nilifungue kwetu au niwaambie waende kule?"

Nikamwambia marahaba, na leo nakunywa chai ya rangi kwa ajili yako. Sasa nawajibu wote kwa mpigo mmoja, ili ng'ombe wangu apumzike. Sheria sitawasomea. Sheria mnayo kwenye hizo simu zenu. Mimi nilikaa dirishani miaka mingi katika mahakama ndogo upande wa Mbulu, ambayo siitaji jina kwa sababu mambo mengine ni aibu yangu mwenyewe, na dirishani ndipo nilipojifunzia.

Kwanza mjue kwamba maswali ni mawili. Moja: mtoto atakaa na nani? La pili: mahakama ipi itaamua hilo la kwanza? Watu wanaokuja dirishani wanayachanganya yote mawili kwenye sufuria moja na kukoroga. Anayesikia kesi itasikilizwa kwao anarudi nyumbani akipiga vigelegele, kana kwamba ameshapewa mtoto. Wa upande wa pili analia. Na bado hakuna aliyesikilizwa hata neno moja.

Aliyenifundisha kazi ni karani mkuu, Mzee Tippe, mtu wa kuvaa koti zito hata jua likiwaka. Yeye hakumuuliza mtu, "Unaishi wapi?" Alisema hilo swali ni la bure, kwa sababu watu wetu ukiwauliza wanaishi wapi wanakutajia alipozikwa babu yao. Aliuliza, "Jana asubuhi umekunywa chai wapi?" Hapo mtu anataja kijiji cha kweli. Na kwa habari ya mtoto aliuliza swali moja tu: "Daftari lake amesahihisha mwalimu gani?" Mzazi atadanganya, mjumbe atadanganya, hata padri anaweza kusahau. Kalamu nyekundu ya mwalimu ina tarehe.

Nilipokuwa mgeni nilijifanya najua kuliko yeye. Mama mmoja alikuja, nikamwuliza mume anaishi wapi, akasema Yaeda Chini, nikaandika Yaeda Chini. Mpeleka wito alikwenda huko mara tatu kwa ile njia mnayoijua. Mara ya kwanza mume ameenda kwenye asali. Mara ya pili amerudi, ila ameenda kwenye asali nyingine. Mara ya tatu mpeleka wito mwenyewe alirudi na kibuyu cha asali, amefurahi sana, wito bado uko mfukoni. Mzee Tippe aliniangalia tu, akavuta koti lake, akasema, "Yustina, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe unavunja ya wenzako."

Basi, ningekuwa nimeshika hayo, Paskalina asingepata tabu.

Paskalina alikuwa na miaka tisa, darasa la nne. Wazazi wake walikuwa wakikaa Jorodom, pale Katesh wilayani Hanang, mpaka lile tope liliposhuka kutoka mlimani. Nyumba yao ilikwenda nalo. Wao walipona. Mama yake, Anjela, alimchukua mtoto akaja naye Masieda, huku kwetu Mbulu, kwa bibi, mzaa mama, akamwandikisha shule ya pale. Baba yake, Gidabasa, mtu wa familia ya wafugaji wa kule chini tambarare na fundi wa pikipiki, akabaki Katesh kwa kaka yake. Kila siku alikwenda kuchimba pale nyumba ilipokuwa. Mke akasema sirudi kwenye ule mlima. Mume akasema mimi siondoki. Wakavutana hivyo karibu mwaka, mwisho wakafika baraza la usuluhishi la kata kule Katesh, likashindwa, likawapa hati ya kwamba limeshindwa.

Anjela akaja dirishani kwangu na ile hati. Nikaiona imegongwa mhuri wa Hanang. Siku hiyo nilikuwa na foleni mpaka kwenye mti, na jino lilikuwa linaniuma. Nikasema, "We mama, hii ni ya Hanang. Nenda kule." Sikuuliza chai, sikuuliza daftari. Akaenda. Karani wa kule akamwuliza mtoto yuko wapi, akasema Masieda, akaambiwa, "Basi rudi Mbulu." Akarudi kwangu, viatu mkononi. Ndipo nikatamka maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka najiziba uso: "Mama, kesi hufuata mtoto. Rudi wiki ijayo tuifungue."

Maneno yenyewe si mabaya. Ila nyuma yake kwenye foleni alikuwepo binamu wa Gidabasa, amekuja na mambo yake ya shamba. Alichoelewa yeye, na kumpelekea Gidabasa, ni kwamba aliye na mtoto ndiye mwenye kesi.

Ijumaa iliyofuata Paskalina alichukuliwa na baba yake kwenye geti la shule, akapandishwa pikipiki, akaenda Katesh. Jumatatu Gidabasa akafungua shauri kule. Wiki ile ile Anjela akamfuata mtoto, akarudi naye Masieda, Alhamisi akafungua shauri kwangu. Nikalipokea. Sasa tukawa na majalada mawili, kila moja lina haki, na mtoto mmoja anayesafiri kati yake. Mimi na karani mwenzangu wa kule tukawa tunaandikiana barua: "Tafadhali rejea barua yako." Yeye ananirejesha kwangu, mimi namrejesha kwake. Tulikuwa na adabu sana.

Mtoto akawa na sweta mbili za shule. Ya kijani ni ya Masieda, ya rangi ya damu ya mzee ni ya Katesh. Akipanda pikipiki anavaa moja, nyingine iko kwenye mfuko wa nailoni, akivuka mpaka anabadilisha. Siku za baridi alivaa zote mbili, ya juu ikitegemea anakoelekea. Walimu wa Masieda wakajua amehamia Katesh, wa Katesh wakajua amerudi Masieda. Hapo ndipo palipokuwa na hatari ya kweli, na sisi wakubwa wote tulikuwa hatuioni: majina ya mtihani wa darasa la nne yalikuwa yanaandikwa, na jina la Paskalina halikuwemo kwenye orodha ya shule yoyote. Asiyeandikwa hafanyi, asiyefanya anarudia. Na mtoto wa kike akishaanza kurudia darasa kwetu huku, mnajua wenyewe anaanza kutazamwa kwa macho gani.

Siku ya kwanza ya kutajwa, Gidabasa alikuja na mlango. Sisemi mfano. Mlango wa mbao, una kitasa, ameufunga kwenye pikipiki kwa mipira. Hakimu wetu, kijana mpole kutoka mbali, akamwuliza makazi yake.

"Jorodom, mheshimiwa."

"Nyumba ipo?"

"Kiwanja kipo."

"Nimeuliza nyumba."

"Mlango upo, mheshimiwa. Niliuchimbua mwenyewe. Huu hapa. Nyumba yetu ni Hanang, kwa hiyo kesi ni ya Hanang."

Hakimu akaukagua mlango mpaka kitasa. Mwisho akaniambia niuandike kama kielelezo. Nikaubandika karatasi, tukauegemeza ukutani karibu na ofisi yangu. Wiki nzima wazee wakifika walisimama mbele yake wakipiga hodi, wengine wakakaa chini kusubiri ufunguliwe.

Siku hiyo hiyo wazee wa pande zote wakaomba kusema. Mnaijua desturi yetu ya kulazana ng'ombe: una ng'ombe wengi, unampa rafiki yako wa mbali mmoja akae naye, yeye anakunywa maziwa na kupata samadi, lakini ng'ombe anabaki wako na ndama wake ni wako. Mzee wa upande wa baba akasimama na fimbo yake: "Mheshimiwa, ng'ombe akilazwa kwa rafiki hawi wa rafiki. Huyu mtoto amelazwa tu Masieda." Watu wakaguna kukubali. Mzee wa upande wa mama akasimama: "Mwenzangu amesema kweli tupu. Lakini ng'ombe akiugua, anayeita dawa ni yule aliye naye. Mwenye ng'ombe anapata habari baadaye." Wakaguna tena kukubali. Wakapeana mikono, kila mmoja ana hakika ameshinda. Paskalina alikuwa amekaa kwenye benchi, sweta mbili, anasikiliza habari za ng'ombe huyo.

Hakimu akaamuru kwamba mpaka ijulikane shauri ni la wapi, hakuna mtu kumvusha mtoto mpaka wa wilaya bila kibali cha maandishi. Amri nzuri. Kibali kitolewe na karani. Karani ni mimi. Nikafungua kabati: fomu ya talaka ipo, ya mirathi ipo, ya dhamana ipo. Ya kumvusha mtoto hakuna.

Jirani na mahakama ilikuwa ofisi ya bwana mifugo. Nikaenda nikaazima kitabu chake cha vibali vya kusafirisha mifugo. Msinicheke. Kina kila kitu: kutoka wapi, kwenda wapi, tarehe, nafasi ya mhuri wa geti. Nikakata neno "mnyama", nikaandika "mtoto". Yaliyobaki nikasahau kuyakata. Kwa hiyo kibali cha kwanza cha Paskalina kilisomeka hivi: Idadi, mmoja. Jinsia, jike. Umri, miaka tisa. Rangi na alama, maji ya kunde, kovu goti la kushoto. Sababu ya kusafirisha, malisho. Mwenye mifugo, Anjela.

Mlinzi wa geti la mifugo pale mpakani aliitwa Bura, mzee wa sheria kuliko sheria yenyewe. Aliwahi kumrudisha mjomba wake na mbuzi wa mahari. Alikipokea kile kibali, akakisoma chote, akasema, "Chanjo?" Anjela hakubisha, akatoa kadi ya kliniki. Bura akakagua, surua ipo, pepopunda ipo, akagonga mhuri. Ilipofika saa kumi na mbili jioni siku nyingine, Gidabasa amechelewa njiani, Bura alimzuia: "Mifugo haisafiri jua likizama." Wakalala nyumbani kwa Bura, mita hamsini kutoka getini.

Ikazoeleka. Baba analeta mtoto mpaka getini, anaondoka kwa sababu hataki kumwona mama. Mama anakuja baadaye kwa sababu hataki kumwona baba. Katikati hapo mtoto anamsubiri mmoja wao kwenye kibanda cha Bura, anakula makande, anafanya hesabu kwenye daftari. Siku moja alisubiri tangu asubuhi mpaka jioni. Wazazi nao wakachoka kuja kwangu kila safari, nikampa Bura vibali kumi vimeshagongwa mhuri wa mahakama, havijaandikwa kitu. Hilo, vijana, msilifanye kamwe. Karatasi tupu yenye mhuri ni kosa la kufukuzwa kazi. Nililifanya kwa uvivu, na Mungu akanihurumia.

Hakimu alipokiona kibali kimojawapo aliniita ofisini. "Mama Yustina, umemwandikisha mtoto kama mtamba?" Nikasema mheshimiwa, nilikata neno mnyama. Akashika kichwa. Kisha akasema lazima azungumze na mwenzake wa Hanang, leo hii, wamalize.

Mtandao haukuwepo mpaka upande kilima nyuma ya soko. Akapanda, koti mkononi. Kumbe na mwenzake naye amepanda kilima cha kwao. Ilikuwa siku ya mnada. "Mheshimiwa, unanipata? Nasema MTOTO! Mtoto wa kwako au wa kwangu?" Soko lote likageuka. Mama mmoja wa vitunguu akasema taratibu, "Jamani, kumbe hata mahakimu wana mambo yao." Ilitubidi tueleze kwa wiki mbili.

Lakini walikubaliana: wote wafike kwetu Jumanne, mtoto aje na madaftari yake, iangaliwe alikuwa akiishi na kusoma wapi kabla vuta nikuvute haijaanza. Nilipotumwa kuandika neno "madaftari" kwenye wito, nilimkumbuka Mzee Tippe na koti lake, nikaona haya. Swali lile lile ambalo nilipaswa kuliuliza siku ya kwanza dirishani, likachukua mahakimu wawili na vilima viwili.

Jumanne, Paskalina akaleta mfuko wa nailoni mezani. Hakimu akafungua daftari la Kiswahili. Kalamu nyekundu ya mwalimu wa Masieda, ukurasa kwa ukurasa, karibu mwaka mzima. Kisha kurasa nyeupe. Kisha hesabu zilizosahihishwa na mtu mwingine, kwa kalamu ya bluu, vema kubwa kubwa. Hakimu akauliza huyu ni mwalimu gani. Bura akasimama nyuma: "Ni mimi, mheshimiwa. Alikuwa anakaa tu."

Kati ya kurasa nyeupe vikaanguka vibali. Mtoto alivitunza vyote. Hakimu akavipanga. Vya mama vimeandikwa, kwenda: nyumbani. Mwenye mifugo: Anjela. Vya baba vimeandikwa, kwenda: nyumbani. Mwenye mifugo: Gidabasa. Halafu akafika kwenye kimoja chenye mwandiko wa mtoto. Ni cha ile siku aliyosubiri tangu asubuhi. Bura alimpa ajaze mwenyewe ili asilie.

Hakimu alikisoma kwa sauti, nadhani hakujua kinachokuja. "Kutoka: getini. Kwenda: sijui. Sababu ya kusafirisha: nimeambiwa. Mwenye mifugo: hayupo."

Anjela alijifunika uso kwa khanga. Mimi nilikuwa natakiwa kuandika mwenendo wa shauri, kalamu ikakataa. Nawaambia bila aibu, nililia pale pale kwenye meza ya serikali.

Gidabasa akasimama. "Mheshimiwa, naogopa kesi ikija huku mtoto ameenda. Asubuhi ile nilimtoa kwenye tope kwa mikono hii. Nikamwosha macho kwa mate yangu. Ndiyo maana."

Hakimu akamjibu polepole, akayatenganisha yale maswali mawili ambayo mimi sikuyatenganisha. Kwamba kusikilizwa Mbulu si kunyang'anywa. Kwamba atasema yake yote, na la tope litaandikwa. Gidabasa akamtazama mtoto na zile sweta. Akasema, "Basi isikilizwe huku. Aandikwe shule. Mimi nitakuja, nina pikipiki." Akakaa. Jalada la Hanang likafungwa siku ile kwa ridhaa yake, na mchana huo huo mimi mwenyewe nilipanda bodaboda mpaka shuleni Masieda na barua ya hakimu. Mwalimu mkuu alikuwa anafunga orodha. Jina la Paskalina liliandikwa la mwisho, chini ya mstari.

Shauri lilisikilizwa, likaisha kwa amani: shule Masieda na mama, likizo Katesh na baba. Mtihani alifanya, akafaulu. Mlango wake Gidabasa aliuchukua, nikamsainisha kwenye rejista ya vielelezo, akaenda kuufunga kwenye chumba alichojenga mbali na mlima.

Likizo ya kwanza, nikiwa nimebakiza wiki chache nistaafu, nikasikia mtu anagonga dirisha kwa chini. Natazama, namwona Paskalina, sweta moja.

"Shikamoo bibi. Naomba kibali."

Nikamwambia marahaba mwanangu, kibali hakihitajiki tena, hakimu ameshaamua, nenda tu. Akasimama pale pale. Akasema Babu Bura atakiuliza.

Nikaenda kwa bwana mifugo nikaazima kitabu. Nikashika kalamu, akanyoosha mkono, nikampa. Akaandika taratibu, ulimi nje. Kutoka: kwa mama. Kwenda: kwa baba. Sababu ya kusafirisha: kusalimia. Alipofika kwenye mwenye mifugo alikata neno mifugo kwa mstari mmoja ulionyooka, ambao mimi na miaka yangu yote sikuwahi kuukata, akaandika: Paskalina.

Nikagonga mhuri.